Aliyeonekana Juu ya Boriti

Lambert hakuruhusiwa kuingia ukumbi wa mazoezi akiwa na sare. Hakuna aliyemwambia hivyo waziwazi, lakini siku moja mzazi mmoja alimkuta amesimama karibu na viti vya wazazi, akamwuliza kwa upole kama kuna tatizo la usalama. Tangu hapo Lambert alijifunza kusimama nje, penye kioo cha mlango, akijifanya anakagua kitasa. Yeye alikuwa mlinzi wa geti la shule ile ya kaskazini mwa Johannesburg. Mtoto mwembamba kuliko wote mle ndani, mwenye nguo ya mazoezi ya kuazima, alikuwa binti yake Orpha.

Orpha alikuwa amesimama juu ya boriti. Kwa asiyeijua, boriti ni ubao mrefu ulioinuliwa hadi kifuani mwa mtu mzima, na upana wake ni wa kiganja tu. Watoto hutembea juu yake, huruka, hugeuka. Kocha Refilwe alitaka kitu kigumu zaidi: mtoto ajirushe kinyumenyume, mikono ipokee ubao asiouona, miguu ipite juu ya kichwa na kutua palepale, kwenye upana uleule wa kiganja. Sakafuni Orpha aliuweza mruko huo huku anacheka. Juu ya boriti pia aliuweza, mpaka siku ile mwanzoni mwa baridi alipoteleza akauangukia mkono.

Mkono ulikuwa umepona, ingawa kifundo kilibaki na kinundu kidogo. Lakini sasa kila alipopanda ikawa hivihivi: alinyoosha mikono, akavuta pumzi, akakunja magoti, kisha uso ukambadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina nyuma yake. Akachuchumaa. Akakaa juu ya ubao, akashuka taratibu kama bibi kizee anayeshuka teksi. Wenzake walitazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Lambert kuliko kicheko.

Kocha Refilwe alimfuata getini jioni ile. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndiye aliyemwona Orpha akipinduka kwenye nyasi wakati anamsubiri baba yake, akamwingiza kwenye kundi lake bila kudai chochote. Alimweleza Lambert kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata anachagua timu, na watoto watakaochaguliwa shule itawachukua mwakani, wasome pale bila karo. Orpha alikuwa bora kuliko wote. Ila hawezi kumchagua mtoto asiyeruka. Wazazi wa wengine watamla nyama.

"Miguu yake haina shida," alisema. "Kuna kitu kichwani. Zungumza naye, baba."

Lambert akasema sharp, coach, yaani sawa, kisha akakimbia kumfungulia geti.

*

Walikaa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao hadi sebule ikazaa vyumba viwili. Aliyeipangisha alikuwa Joël, shemasi wa kanisa lao, na karibu wote waliolala mle walikuwa Wakongo wa kanisa hilohilo. Ndivyo Lambert alivyopata chumba, na kazi yenyewe ya getini alitafutiwa na ndugu wa kanisani. Chumbani mwao walikuwa wanne: yeye, mkewe Célestine aliyesuka nywele saluni, Orpha, na mdogo wake Lambert, Marthe, shangazi ambaye Orpha alimwita Tantine, aliyeshona nguo kwa cherehani ya mkono na kulala na Orpha nyuma ya pazia.

Célestine alipopewa habari za Jumamosi, alikaa kitandani akaanza kupiga hesabu zake. Miguu haiumi. Mkono umepona. Mruko mtoto anaujua. Kilichobaki ni nini, kama si mkono wa mtu? Msimcheke. Mwanamke huyu alishinda wima siku nzima akivuta nywele za wenzake mpaka vidole vikafa ganzi, na mara moja tu katika maisha yake alikuwa ameona mlango umemfungukia mwanawe. Alitaka kumjua aliyeushikilia.

"Baba Orpha, huyu mutoto amefungwa," alisema. "Tumupeleke kwa Pasta."

Lambert hakupenda, lakini hakuwa na dawa nyingine. Marthe aliinama kwenye cherehani yake, akaendelea kushona kitambaa ambacho uzi ulikuwa umekatika zamani.

*

Kanisa lilikuwa ghorofani, mahali palipokuwa zamani duka la samani. Nyumba nzima ya Lambert ilifunga kula kwa ajili ya mtoto, na mtoto mwenyewe akafunga nao hadi saa za mchana, kisha Ijumaa wakampeleka mbele. Mchungaji Ezéchiel hakuwa mtu wa makelele. Alipiga magoti ili alingane na Orpha, akamshika mabega, akamwuliza kwa sauti ya baba:

"Kule juu, ile hofu ikikuja, unamwona nani?"

Orpha alizaliwa Joburg. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema ilikuwa kama kuvaa viatu vya mtu mwingine. Alikuwa amefundishwa kwamba mtumishi wa Mungu hadanganywi. Akafikiri, akatafuta maneno, akajibu.

"Namwona Tantine Marthe."

Nani angehitaji zaidi? Wanawake wa mstari wa mbele walishika vichwa. Mtu mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wakaitikia amina kana kwamba ni aya ya Biblia. Mchungaji alifumba macho, akasema kwamba Mungu amefunua, na maombi yakapanda kama moto wa majani makavu. Swali la pili, ambalo hata hakimu wa kijiji angeliuliza, halikuulizwa na mtu.

Marthe alikuwa amesimama kwenye safu ya tano. Katika mambo haya akikataa mtu ni mchawi, na akinyamaza ni mchawi, basi akanyamaza. Alimtazama kaka yake. Lambert akainama akatazama viatu vyake vya kazi.

Usiku haukuwa umeingia vizuri wakati Célestine alipoitoa cherehani akaiweka barazani, na juu yake mfuko wa nguo. Hakutukana. Alilia wakati anaitoa, kwa sababu Marthe ndiye aliyempokea Orpha alipozaliwa, na kwa sababu hiyohiyo aliona amesalitiwa zaidi. Shemasi Joël alisimama kizingitini amekunja mikono, akasema yeye hamfukuzi mtu, ila nyumba ya watu wanaoomba haiwezi kulala na mulozi.

"Yaya," Marthe alimwita kaka yake, kwa neno la kwao la kumwita mkubwa.

"Nenda kwanza," Lambert alisema. "Watu watulie. Nitakuita."

Ni maneno ambayo mtu huyasema anapojua hataita. Marthe akajitwika cherehani, akaenda mtaa wa Turffontein kwa rafiki yake mmoja wa ushonaji.

*

Watu wa nyumbani walitarajia kwamba sasa Orpha ataruka. Kinyume chake, Jumatatu hakukunja hata magoti. Jumanne hakupanda kabisa. Alikaa kwenye benchi na koti lake, akasema tumbo linauma.

Siku hiyo Lambert alitembea naye kuelekea kituo cha teksi. Aliona mtoto anaburuta miguu, na ghafla hasira ikampanda. Kama mtu alikuwa amefukuzwa kwa ajili yake, angalau aruke. Alitaka kumwambia hivyo. Walipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakisubiri iwe kijani, kilichomtoka mdomoni kikawa kingine.

"Kule juu ukimwona tantine, anakuwa anafanya nini?"

Orpha alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa alidhani kila mtu alikuwa anajua.

"Ananibeba," alisema.

Akasimulia, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili chake cha kuokoteza. Asubuhi ile baada ya kuanguka, mkono ulivimba ukawa kama mkate. Papa alikuwa kazini, mama saluni. Tantine alimbeba mgongoni hadi kliniki. Getini walikuwepo watu, si manesi, watu tu, wengine wameshika fimbo, wakiuliza kila anayeingia kitambulisho cha Afrika Kusini. Asiyekuwa nacho arudi kwao akatibiwe huko. Tantine aliwaonyesha mkono wa mtoto. Mama mmoja mtu mzima, mwenye shuka begani, alimsukuma. Tantine alizunguka kwenda geti la nyuma. Na huko watu walikuwepo. Akawa anatembea tu, anarudi, anageuka, na Orpha mgongoni alisikia mgongo wa shangazi yake unatetemeka.

"Nikiinama nyuma, naona nimeanguka tena," alisema. "Halafu tantine ananibeba, anabeba tu, na hatufiki popote."

Taa iligeuka kijani, ikarudi nyekundu. Lambert alibaki pale, watu wakimpita na kumgonga mabega. Marthe alikuwa amewaambia kwamba daktari ameuona mkono, hakuna mfupa uliovunjika, apumzike tu. Kumbe bendeji ilitoka dukani, na aliyeifunga ni yeye.

"Mbona hukusema?"

"Tantine alisema nikikuambia utaenda kupigana nao, na watakuua."

*

Chumba cha Turffontein kilikuwa nyuma ya nyumba, gereji iliyotiwa dirisha. Marthe alikuwa anashona sketi za sare ya shule. Hakusimama kaka yake alipoingia. Alimsogezea kiti, akampa maji, kama anavyopewa mgeni.

Lambert alimweleza alichosikia. Marthe alikata uzi kwa meno, akakubali yote. Kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimekwisha muda, hivyo pale kliniki hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, na kila Lambert alipouliza alisema amekiongeza. Aliona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua; yeye kilichomuumbua ni mkono wa mtoto. Siku ile ya kanisani angeweza kusema, lakini angeanza wapi? Kwamba alidanganya kuhusu kibali, akadanganya kuhusu daktari, akamfundisha mtoto kuficha? Wangemwamini zaidi kwamba ni mchawi.

"Na wewe ulikuwa pale," alisema. "Sikungojea Pasta anitetee. Nilingojea yaya yangu."

Machozi yalimtoka Lambert, akayaacha. Mwishowe akamwomba aje Jumamosi, kwa kuwa mtoto hatapanda bila yeye.

Marthe alishona mstari mzima kabla ya kujibu.

"Nitakuja kwa ajili ya mutoto. Yeye hana deni kwangu. Lakini Jumapili, Lambert, usimame mbele ya walewale, useme kwa mdomo wako mimi si mulozi. Pale walinitemea mate, pale wanisikie ninasafishwa. Kama huwezi, sema sasa."

"Nitasema," Lambert aliahidi. Na aliahidi kwa moyo wote, hilo tusimnyime.

Nyumbani alimwambia Célestine kila kitu. Célestine aliketi sakafuni kama aliyemwagiwa maji. Alikumbuka cherehani ile barazani, akajipiga kifuani kwa ngumi. Kisha, baada ya kulia, akili ya mpangaji ikarudi. Aliuliza nani ataenda kumwambia Pasta kwamba Mungu hakufunua kitu. Aliuliza Shemasi Joël akikasirika watahamia wapi, kwa makaratasi gani. Wakakubaliana kwamba lazima isemwe. Namna ya kuisema hawakukubaliana.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi. Lambert aliomba ruhusa kazini, akavaa shati jeupe, na bado mtu alimwomba amwonyeshe pa kuegesha gari. Célestine alikaa mwisho wa safu amebana mkoba magotini. Marthe alifika amevaa kitenge chake kizuri. Célestine alipomwona alinyanyuka nusu, mikono tayari kumkumbatia. Marthe alimpa mkono tu, akapita.

Orpha alimwona kutoka mbali akamkimbilia. Kocha Refilwe alitaka kumrudisha mstarini, kisha akaona walivyoshikana, akaacha. Shangazi na mtoto walisimama karibu na magodoro. Lambert alikuwa karibu, akasikia.

"Tantine, nikianguka?"

Lambert alidhani atasema hutaanguka. Yeye mwenyewe angesema hivyo.

"Ukianguka nitakubeba," Marthe alisema. "Wakikataa geti moja, nitakubeba hadi lingine. Na lile wakikataa, lingine. Sasa kila muntu anajua, papa, mama. Tutakuwa tunapokezana mgongo. Siwezi kukuambia watafungua. Naweza kukuambia sitakuweka chini."

Orpha aliyapima maneno yale kama mtu mzima. Akaupapasa mkono wenye kinundu, akaenda.

Alipanda. Alitembea, akageuka, akaruka miruko midogo ambayo wote waliijua. Alipofika katikati alisimama, mgongo ukiuelekea ubao asiouona, na ukumbi ukanyamaza kwa sababu hata wazazi wa wengine walikuwa wamesikia habari za mtoto asiyeruka. Lambert aliuona uso ule ukianza kubadilika. Akaona magoti yakikunjwa. Mara hii Orpha hakuchuchumaa. Alilia, machozi yakionekana kabisa, na huku analia akajirusha.

Mikono iliupata ubao. Miguu ilipita. Mguu mmoja ulitua, wa pili ukakosa, ukaning'inia hewani, mwili ukalala upande kiasi cha kumfanya Célestine apige yowe. Kisha mguu ule ukarudi, ukapapasa, ukapata. Orpha alisimama. Kocha alimwambia arudie, kwa maana mruko mmoja huweza kuwa bahati. Akarudia, na safari hii hakuyumba.

Lambert alikumbatiana na mtu asiyemjua. Alipotafuta dada yake amshukuru, Marthe alikuwa tayari mlangoni.

"Kesho nitatazama kwa simu," alimwambia, kwa kuwa ibada ilirushwa Facebook kila Jumapili. Akaenda zake.

*

Furaha haina siri. Célestine alimwambia jirani mmoja tu wa chumba cha pili kwamba Orpha ameruka na shule imempokea, na asubuhi kanisa zima lilijua. Kabla Lambert hajatafuta pa kuanzia, Mchungaji Ezéchiel alikuwa ameshaanza. Aliwakumbusha watu Ijumaa ile, akawakumbusha jina lililotajwa na mtoto mwenyewe. Mulozi ametoka nyumbani, alisema, na miguu ya mtoto imefunguka. Watu walisimama. Vitambaa vikapepea. Kisha akaiita familia mbele, akampa Lambert maikrofoni, atoe ushuhuda.

Sakafu ile ilikuwa ya saruji, pana, imara. Lambert alisimama juu yake kama yuko juu ya boriti. Maneno alikuwa nayo, ameyarudia njia nzima: dada yangu si mchawi, alimbeba mtoto wangu. Aliitazama simu iliyokuwa imefungwa kwenye kijiti, inarusha ibada, akajua kwamba Turffontein mtu ameacha kushona. Akawatazama watu wanaong'aa kwa furaha yake. Akamtazama Shemasi Joël, ambaye alimwitikia kwa kichwa, kwa upendo kabisa. Alijiona anatoa vitanda barazani. Alijiona geti kwa geti anaomba kazi.

"Mungu ni mwema," alisema.

"Kila wakati," watu wakaitikia.

Alingoja sauti yake iendelee, haikuendelea. Célestine pembeni yake alikuwa amefumba macho. Mchungaji, akidhani ni machozi ya shukrani yamemkaba, akaichukua maikrofoni kwa huruma, akampa ishara mpiga kinanda.

Orpha hakurudi kitini nao. Lambert alikuwa ameshakaa alipogundua mtoto hayupo ubavuni mwake. Ngoma zilikuwa zimeingia, na kinanda, na watu wote wanaimba kwa nguvu. Orpha alikuwa amesimama mbele ya ile simu, karibu kabisa, mikono ameibana mbavuni, anasema. Hakuwa na maikrofoni. Alisema kwa Kiswahili, lugha anayoiogopa. Lambert aliona midomo yake ikihangaika na kila neno, ikirudia, Tantine si mulozi, alinibeba, Tantine si mulozi, na mishipa ya shingo imemtoka kwa kupaza sauti.

Hakuna hata neno moja lililosikika. Mama mmoja wa kwaya alimwona mtoto anafungua mdomo kwa bidii kiasi kile, akafurahi, akamsogelea akamwekea mkono begani na kucheza naye. Waliokaa karibu walidhani anaimba. Wakampigia makofi, na Lambert, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akapiga makofi pia.